Laha Moja ya Misale ya Kale: Namna ya Kuitambua, Kuitunza na Kuitafutia Ndugu Zake

Mwaka 2022, katika jimbo la Maine nchini Marekani, kijana mmoja aliingia kwenye nyumba iliyokuwa ikiuzwa vyombo vyake. Ukutani akaona fremu yenye maandishi ya Kilatini yaliyopambwa kwa dhahabu, bei dola 75. Chuoni alikosoma aliwahi kuonyeshwa ukurasa unaofanana na ule, akaununua. Wataalamu walipoutazama walithibitisha kuwa umetoka kwenye Misale ya Beauvais, kitabu cha Misa kilichoandikwa kaskazini mwa Ufaransa mwishoni mwa karne ya 13, na kwamba sokoni ungeweza kufikia maelfu ya dola.

Habari ile ilisambaa kwa sababu ya fedha. Kwa maoni yangu, kilichostahili kusambaa zaidi ni kwamba kijana yule alijua anachokitazama kwa sababu kuna mtu aliyemfundisha kutazama. Laha moja ya ngozi, yenye kurasa mbili, wa mbele na wa nyuma, hubeba ushahidi wa kutosha kuirudisha kwenye kitabu ilikotoka, hata kama kitabu hicho kilikatwa na kutawanywa miaka 80 iliyopita. Ushahidi huo mara nyingi huharibiwa na watu wenye nia njema: mmoja ameipangusa kwa kitambaa chenye maji, mwingine ameibandika kwenye kadibodi, wa tatu ametupa karatasi chakavu iliyokuwa nyuma ya fremu. Makala haya ni ya yeyote anayeweza kukutana na laha hizo: Mswahili anayeishi Leicester au Minneapolis na kupenda kupitia maduka ya vitu vya kale, mkutubi wa seminari aliyekuta kipande cha ngozi ndani ya jalada la kitabu cha Kilatini, au mtu aliyerithi fremu asiyojua habari zake.

Zilivyotengana na vitabu vyake

Vitabu vya ibada vya Ulaya ya karne za 13 hadi 16 vilikuwa vingi sana: misale za altareni, vitabu vya antifona vya kwaya, breviari za mapadre na watawa, na vitabu vya sala za saa vya waumini walei. Matengenezo ya Kanisa yalipofika, nchi nyingi za kaskazini ziliacha ibada ya Kilatini na vitabu hivyo vikakosa kazi. Uingereza, Mfalme Henry VIII alifunga monasteri kati ya 1536 na 1540. Lakini ngozi ilikuwa mali. Mafundi wa kujalidi vitabu walizikata misale vipande vipande, wakavitumia kuimarishia migongo ya vitabu vipya.

Sweden ina mfano wa kustaajabisha. Chini ya Mfalme Gustav Vasa na warithi wake, maofisa wa kodi walitakiwa kupeleka madaftari ya hesabu Stockholm, na madaftari hayo yalihitaji majalada. Wakachukua kurasa za misale na antifona kutoka makanisani, wakazikunja, wakazishona. Hesabu zikatunzwa, na majalada yakatunzwa nazo. Leo Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Sweden ina zaidi ya vipande 22,000 vya namna hiyo, na Maktaba ya Taifa ya Finland, nchi iliyokuwa chini ya Sweden wakati huo, ina maelfu mengine. Vitabu vyenyewe karibu vyote vimepotea, kwa hiyo sehemu kubwa ya tunachokijua kuhusu sala na nyimbo za Kanisa katika nchi hizo tunakipata kwenye majalada ya kodi. Ukiona laha ya Kilatini yenye alama za mikunjo, matundu ya sindano, na mwaka au jina la wilaya lililoandikwa kwa kulala pembeni, usiyafute maandishi hayo wala usiinyooshe mikunjo. Hapo ndipo palipoandikwa anwani yake.

Njia ya pili ni ya wauzaji na wapenzi wa vitu vya kale wa karne ya 19 na 20. Mwandishi John Ruskin alikata misale zake mwenyewe ili awagawie rafiki na shule. Anayetajwa zaidi ni Otto Ege wa Cleveland, Ohio, mwalimu wa sanaa aliyefariki 1951. Ege alikata makumi ya miswada na kuuza laha mojamoja. Mwaka 1938 alijitetea hadharani kwa maandishi: alitaka shule na watu wa kawaida wapate walau ukurasa mmoja wa kuushika. Maarufu kuliko yote ni masanduku yake 40, kila moja likiwa na laha 50 kutoka vitabu 50, zimepangwa kwa utaratibu uleule. Laha namba 15 katika masanduku hayo ni ya Misale ya Beauvais, ambayo yeye na muuza vitabu Philip Duschnes waliitawanya mwaka 1942, baada ya kutoka kwenye mali ya tajiri wa magazeti William Randolph Hearst.

Ni kweli kwamba vyuo vidogo vya Marekani vilipata laha ambazo visingezipata kamwe. Hata hivyo hasara ilikuwa kubwa kuliko faida. Misale ile ilikuwa na laha 309, na mwishoni ilikuwa na kumbukumbu kwamba Robert de Hangest, mkanoni wa Beauvais, aliitoa kwa kanisa kuu lake. Tunajua hivyo kwa kuwa maneno yale yalinakiliwa kwenye katalogi ya mnada wa 1926, kitabu kikiwa bado kizima. Mtafiti Lisa Fagin Davis ametumia miaka mingi kuzitafuta laha zake na kuziunganisha upya kwenye kompyuta. Zilizopatikana zimezidi 100. Nyingine bado zimetundikwa kwenye kuta za watu.

Itazame kabla ya kuisoma

Anza na ngozi. Laha halisi imetengenezwa kwa ngozi ya ndama, kondoo au mbuzi iliyolowekwa kwenye maji ya chokaa, ikawambwa kwenye fremu ya mbao na kukwanguliwa ikiwa imevutika. Upande uliokuwa na manyoya huwa na rangi ya manjano kidogo, na ukiutazama kwa kioo cha kukuzia utaona vitundu vya vinyweleo, hasa pembeni. Upande wa nyama huwa mweupe na laini zaidi. Karatasi ya kisasa iliyotiwa rangi ya chai haina tofauti hiyo.

Kisha tafuta mistari. Mwandishi alitoboa matundu madogo pembezoni, akapiga mistari kutoka tundu hadi tundu. Katika vitabu vya sala vya karne ya 15 mistari hiyo mara nyingi ni ya wino wa rangi ya waridi au zambarau iliyopauka. Wino wa maandishi ulitengenezwa kwa vijivimbe vya mti wa mwaloni, chumvi ya chuma na gundi ya mgunga, ndiyo maana leo unaonekana wa kahawia. Dhahabu ya kweli hukaa juu ya ngozi kama kivimbe kidogo na hung'aa ukiinamisha laha, kwa kuwa chini yake kuna tabaka la plasta iliyosuguliwa.

Kioo hicho hicho kitakufichulia nakala. Ukiona vidoti vidogo vya rangi vilivyojipanga, hiyo ni picha ya mashine ya kuchapa. Jihadhari pia na vitabu vya sala vilivyochapwa Paris kuanzia mwishoni mwa karne ya 15, vingine juu ya ngozi halisi na herufi kubwa zikapakwa rangi kwa mkono. Ni vya kale na vina thamani yake, ila si miswada. Linganisha herufi moja inayojirudia mara 10 kwenye ukurasa: ya mkono hubadilika kidogo kila mara, ya chapa haibadiliki.

Kuna udanganyifu wa hali ya juu zaidi. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 kulikuwa na mchoraji, au karakana ya wachoraji, aliyepewa jina la Mghushi wa Kihispania na Belle da Costa Greene, mkuu wa Maktaba ya Morgan ya New York. Alichukua laha halisi za vitabu vya kwaya, akakwangua maandishi, akachora juu yake mabibi na mashujaa wenye nyuso tamu. Ngozi ni ya kale, muziki wa nyuma ni wa kale, picha ni ya uongo. Vipimo vya maabara vilimkamata kwa rangi: alitumia kijani chenye shaba na aseniki, aina ambayo haikuwahi kutengenezwa kabla ya mwaka 1775. Kwa macho ya kawaida, jiulize kama picha inahusiana hata kidogo na sala iliyoandikwa chini yake au nyuma yake.

Laha kubwa zenye nota za mraba, nyingine zenye urefu unaozidi sentimita 50, ndizo zinazouzwa sana kama za zama za kati. Nyingi si za zama hizo. Makanisa ya Hispania yaliendelea kuandika vitabu vya kwaya kwa mkono katika karne za 16, 17 na hata 18, na monasteri zilipofungwa kwa amri ya serikali miaka ya 1835 na 1836 vitabu vingi vilitawanyika. Mistari mitano ya muziki badala ya minne ni dalili mojawapo ya asili ya huko. Muuzaji akikuambia ni ya mwaka 1400, mwombe aeleze amejuaje.

Kusoma bila kujua Kilatini

Msomaji wa Biblia ya Kiswahili ana msaada mkubwa, kwa sababu sehemu kubwa ya laha hizi ni Zaburi. Andika maneno matano au sita unayoweza kuyasoma, yatafute kwenye mtandao pamoja na neno Vulgata, yaani Biblia ya Kilatini, na mara nyingi utapata Zaburi yenyewe. Kumbuka tu kwamba Zaburi nyingi za Biblia ya Kilatini zina namba moja pungufu: Zaburi ya 50 ya Kilatini ni ya 51 kwako. Ukikuta 6, 31, 37, 50, 101, 129 na 142 zikifuatana, umeshika Zaburi saba za toba, sehemu ya kawaida ya kitabu cha sala za saa. Kwa nyimbo za antifona, kanzidata ya Cantus hukuwezesha kutafuta wimbo kwa maneno yake ya mwanzo na kuona unaimbwa sikukuu gani. Maneno yaliyofupishwa yasikutishe, maana mwandishi aliweka kistari juu ya neno pale alipoacha herufi.

Maandishi mekundu ni maelekezo ya ibada. Hayo yasome kwa makini, kwa kuwa hutaja sikukuu au saa ya sala: masifu ya asubuhi, saa ya kwanza, ya tatu, ya sita, ya tisa, masifu ya jioni, sala ya kulala. Laha iliyo na antifona na somo fupi la saa ya kwanza au ya tisa katika sala za Bikira Maria ni hazina hata kama haina picha, kwa sababu sehemu hizo zilitofautiana kati ya Paris, Rouen, Roma na Salisbury, na kwa hizo watafiti hutambua kitabu kilikusudiwa waumini wa wapi.

Lakini inayonivutia kuliko zote ni laha ya kalenda, ile ambayo wauzaji huiuza rahisi kwa kuwa haina sura ya mtakatifu. Chukua ya Desemba, kutoka kitabu kilichotumika Uingereza. Juu kabisa kuna herufi KL kwa dhahabu. Safu ya kwanza ina namba za Kirumi kuanzia 1 hadi 19, zilizosaidia kutafuta mwezi mwandamo. Safu ya pili ina herufi A hadi g zinazojirudia, moja kwa kila siku ya wiki. Tarehe zetu hazipo, kwa maana kalenda hufuata hesabu ya Warumi, ambao siku za nusu ya pili ya mwezi walizihesabu kurudi nyuma kutoka mwanzo wa mwezi unaofuata. Shuka hadi mstari wenye herufi f na namba IIII, yaani tarehe 29. Ngozi hapo imekwaruzwa, imeota vinyuzi, na wino umebaki kama kivuli. Jina lililokuwapo ni la Thomas Becket, askofu mkuu wa Canterbury aliyeuawa mwaka 1170. Mwaka 1538 Henry VIII aliamuru jina lake liondolewe kwenye vitabu vyote vya ibada, na mwenye kitabu alitii kwa ncha ya kisu. Wapo waliokwaruza kwa nguvu hadi wakatoboa, na wapo waliopitisha mstari mwembamba tu, jina likabaki kusomeka. Mnunuzi asiyejua ataona dosari na kudai apunguziwe bei. Kwa mwanahistoria, mkwaruzo ule unaonyesha kitabu kilikuwa wapi, na kwa kiasi fulani mwenyewe alikuwa na moyo gani.

Watakatifu wengine nao huelekeza. Mtakatifu Genovefa akiandikwa kwa dhahabu tarehe 3 Januari, fikiria Paris. Zenobius tarehe 25 Mei, fikiria Firenze.

Kuitunza nyumbani

Osha mikono kwa sabuni, ikauke kabisa, ndipo uishike laha kwa pembeni kwa mikono miwili. Maktaba kubwa hazipendekezi glavu za pamba kwa kazi hii, kwani huondoa wepesi wa vidole na nyuzi zake hunasa kwenye rangi iliyoanza kubanduka. Baada ya kumaliza osha mikono tena. Nyekundu ya kale huweza kuwa na zebaki au risasi, na njano huweza kuwa na aseniki.

Ngozi hii hunywa unyevu wa hewa na kuutema. Ikinywa hutanuka, ikitema husinyaa, na rangi iliyo juu yake haiwezi kuufuata mwendo huo, hivyo hupasuka na kudondoka. Maktaba hulenga unyevu wa karibu asilimia 50 usiobadilika. Kwa anayeishi Mombasa, Tanga au Dar es Salaam, ambako unyevu mara nyingi huvuka asilimia 70, hatari kubwa ni ukungu. Nunua kipima unyevu kidogo. Weka laha ndani ya folda isiyo na asidi, folda ndani ya sanduku, na sanduku kabatini, mbali na ukuta wa nje, jiko na bafu. Kiyoyozi kinachowashwa mchana na kuzimwa usiku ni kibaya kuliko chumba chenye joto lisilobadilika. Panya na mende nao huipenda, maana ni ngozi ya mnyama.

Usiipige pasi. Usiipeleke dukani ikapigwe laminesheni: joto huisinyaza ngozi papo hapo na hakuna fundi atakayeirudisha. Usitumie selotepu, gundi, kifutio wala kitambaa chenye maji. Usiandike chochote juu yake, hata kwa penseli. Kipande kilichobandikwa ndani ya jalada la kitabu cha zamani kiache hapohapo, kwa sababu kitabu na kipande vinaelezana. Kama rangi inadondoka, kazi hiyo ni ya mhifadhi aliyesomea.

Ukitaka kuitundika, chagua fremu yenye kioo kinachozuia mionzi ya jua, laha ishikiliwe kwa vipande vya karatasi vinavyoweza kuondolewa, isiguse kioo, na ukuta usipigwe na jua. Iache ukutani miezi michache, kisha irudishe gizani. Upande wa nyuma uweze kufikiwa wakati wote. Kitabu cha sala cha Étienne Chevalier, kilichopambwa na Jean Fouquet katika miaka ya 1450, kilipovunjwa, picha 40 kati ya 47 zinazojulikana leo zilibandikwa kwenye mbao ili zitazamwe kama michoro ya ukutani. Ziko Chantilly, Ufaransa, zinapendeza mno, na maandishi ya nyuma yamefungiwa.

Kabla ya kulipa

Muulize muuzaji laha ilitoka kitabu gani, ilitengwa lini, na nani aliimiliki kabla yake. Akikuwekea mbele laha 12 zinazofuatana za kitabu kimoja, zenye ukingo mweupe uliokatwa majuzi, ondoka. Hiyo ni biashara ya kuvunja kitabu kizima, na inaendelea kwa sababu wanunuzi wapo. Mimi sinunui, na nakuomba nawe usinunue. Laha ambayo iliuzwa ikiwa peke yake miaka mingi iliyopita, na ina ankara au katalogi ya kuthibitisha, ni jambo tofauti.

Makanisa ya Italia na nchi nyingine yameibiwa sana vitabu vya kwaya. INTERPOL ina programu ya simu ya bure iitwayo ID-Art, inayoonyesha kazi za sanaa zilizoripotiwa kuibiwa. Itumie. Kumbuka pia kwamba Uingereza na Umoja wa Ulaya huweza kudai kibali cha kusafirisha nje mswada wenye zaidi ya miaka 50, hata wa bei ndogo, kwa hiyo usiutie kwenye sanduku la safari kabla ya kuuliza.

Kuitafutia ndugu zake

Piga picha pande zote mbili, nzima, hadi kingo zote nne zionekane, ukiweka rula pembeni. Tumia mwanga wa dirishani, bila flashi. Kisha lete mwanga wa tochi kwa ubavuni, upige tena, mikwaruzo na matundu yajitokeze. Pima urefu na upana wa laha, kisha wa eneo lenye maandishi peke yake, na uhesabu mistari. Eneo la maandishi na idadi ya mistari ndivyo hutambulisha kitabu, kwa sababu pambizo hukatwa na kila fundi wa fremu.

Linganisha vipimo hivyo na laha zilizowekwa mtandaoni. Fragmentarium, mradi wenye makao Chuo Kikuu cha Fribourg nchini Uswisi, ulifungua maabara yake ya mtandaoni mwaka 2017 mahususi kwa vipande vya miswada, na kuvitazama ni bure. Ukishindwa, waandikie wakutubi wa miswada wa chuo chochote chenye mkusanyiko kama huo. Tuma picha, vipimo, na habari zote za umiliki, pamoja na zile unazoziona hazina maana: lebo ya duka, namba ya penseli nyuma ya fremu, jina la marehemu aliyekuachia. Namba ya penseli huweza kuwa ndiyo namba ya katalogi ya mnada.

Majibu yakija, yachapishe kwenye karatasi isiyo na asidi. Yaweke kwenye bahasha yake, pamoja na ankara na ile karatasi chakavu ya nyuma ya fremu, ndani ya sanduku lilelile lenye laha, na umwambie mmoja wa watoto au jamaa zako mahali lilipo.